Refa Tunarudi Naye

Ratiba niliyopewa Mkoani ilisema mpira unaanza saa kumi alasiri. Dereva wa gari ya Chokocho aliisoma, akanirudishia karatasi yangu. "Hii saa kumi ya huku," alisema. "Kisiwa Panza saa kumi huulizwa maji."

Nilikuwa nimeshuka melini asubuhi hiyo kutoka Unguja. Kwa muda wote niliokuwa nikiandika habari za mpira, Pemba yangu ilikuwa uwanja wa Gombani tu: unashuka Mkoani, unapanda gari hadi Chake Chake, unatazama mechi, unalala, unarudi. Januari 2025 tulijaa pale wakati Kombe la Mapinduzi lilipochezwa na timu za taifa badala ya klabu, na Zanzibar Heroes ikaifunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali. Jirani yangu jukwaani alikuwa mvuvi wa Kisiwa Panza, mtu wa makamo, mkimya kuliko wote waliotuzunguka. Watu walipokuwa wakimzomea beki mmoja, nilimuuliza yeye anamwonaje. Akasema hana la kusema. "Simjui. Sijui jana kalala saa ngapi, sijui kwao kuna mgonjwa. Njoo kwetu, huko nitakwambia." Ligi za chini zilipoanza tena, kusi limeshalegea na bahari imetulia, nikaamua kumfuata kwao.

Kutoka Mkoani gari inapanda na kushuka vilima vya mikarafuu na mihogo, kisha ardhi inazidi kulala kadiri unavyokaribia Chokocho, mpaka mikoko inatokeza na mashua zinaonekana. Sina mengi ya kueleza juu ya njia hiyo. Nilikuwa nimebanwa dirishani na gunia la mtu.

Pale Chokocho mambo yalianza kuwa mageni kwangu. Waliokuwa wakisubiri chombo ni timu ya wageni na jezi zao ndani ya kiroba, mashabiki wao, kina mama waliotoka sokoni, magunia ya mchele, pikipiki moja iliyokuwa ikipakiwa kwa ubao, na marefa watatu. Mjini refa huletwa uwanjani kwa gari na mechi ikichafuka huondolewa kwa mlango wa nyuma, askari mbele, askari nyuma. Huyu alikuwa ameketi ufukweni na begi lake miguuni, akila muhogo wa kuchoma, kati ya watu ambao baada ya muda mfupi angewapulizia filimbi. Walikuwa wakimwita maalim. Siku za wiki ni mwalimu wa skuli.

Tulipoingia chomboni nahodha alianza kutupanga ili mashua isilale upande. "Maalim, kaa katikati," alimwambia. "Usiegemee huku wala huku."

"Na uwanjani iwe hivyo hivyo," sauti ikatoka nyuma, na chombo kizima kikacheka, refa akiwamo.

Kisiwa Panza kiko kusini mwa Pemba, ndani ya Wilaya ya Mkoani. Vilima vya Pemba hukuti huku. Ni mawe ya matumbawe, minazi, mikoko, nyumba zilizosogeleana, na watoto wanaokupokea ukiwa bado umekunja suruali ndani ya maji. Bahari imekuwa ikiingia mashambani, maji ya chumvi yakiharibu mpunga, na wenyeji wamekuwa wakipanda mikoko kujaribu kuizuia. Nimeyasoma hayo mara nyingi katika ripoti za tabianchi. Kilichonishangaza ni kuwa watu wa huku wanaitaja bahari kwa namna wanavyomtaja jirani mgumu wa tabia: wamemzoea, wanamlaumu, na hakuna anayepanga jambo bila kumfikiria.

Yule mvuvi niliyekaa naye Gombani alinipokea barazani kwake. Yeye ni rika la baba yangu mdogo, basi nikamwita Ami, naye akaniita mwanangu, tukaishia hapo bila kuulizana mengi. Kahawa ilikuwa tayari, na wazee na vijana kiasi cha kumi wamekwisha kukaa. "Karibu," alisema. "Leo utasikia mengi. Ya kuandika, andika machache."

Timu yao ilikuwa imeshacheza mechi mbili tangu ligi ianze: moja wamefungwa, moja sare. Kwa mtu wa mjini mechi mbili si kitu. Hapa zilitosha kufungua kesi ya kila mchezaji.

Walianza na kipa. Mikono anayo, wakakubaliana haraka, na woga hana. Ila akishaudaka mpira anaupenda. Anaulalia, anainuka nao, anautembeza, anaangalia kushoto, anaangalia kulia, wenzake wamekwisha kuchoka kumsubiri. "Anafuga," alisema kijana mmoja, na hakuna aliyembishia.

Kisha wakaja kwa kiungo, nambari nane, na hapo kahawa ilimiminwa upya. Kijana huyu wanamwita Fei, kwa ajili ya Feisal Salum, aliyetoka JKU ya Unguja akaenda Yanga mwaka 2018 na baadaye Azam. Kila kitongoji cha Zanzibar kina Fei wake siku hizi, na wengi wao ufanano unaishia kwenye jina. Huyu lakini, walisema, msimu uliopita alikuwa akiupiga mwingi. Mwaka huu amepwaya. Dakika ya sitini mikono iko kiunoni. Mmoja akasema amelewa sifa. Mwingine akasema kaposa, akili haipo. Ami alisubiri wamalize.

"Katoka dago," alisema.

Asiyeishi na wavuvi huenda akalipita neno hilo. Dago ni kambi ya uvuvi: vijana huondoka na vyombo, wakakaa ufukwe wa mbali na kwao majuma kadhaa wakifuata samaki, wakipika na kulala huko huko. Hurudi na chochote mfukoni, mabega mapana, na miguu iliyosahau mbio. Anayevuta nyavu usiku kucha ana nguvu, hilo halina ubishi, lakini nguvu zake zimekaa juu ya kiuno. Kukimbia dakika tisini ni kazi ya chini ya kiuno na ya mapafu. Ndiyo maana, kwa hesabu ya Ami, mechi za mwanzo wa msimu hazimpimi mchezaji, zinapima alikotoka. Mpe muda, miguu itarudi.

"Miguu ikirudi giza limeingia," akajibu mwenzake, "naye kaondoka tena." Maana yake siku za mwezi kufa, ambapo dagaa huvuliwa kwa taa.

Nilikuwa nikisikiliza na kuwaza kazi yangu. Sisi waandishi tuna maneno matatu ya kumaliza habari ya mchezaji: kiwango chake kimeshuka. Msomaji anameza, mhariri anapitisha. Barazani pale sentensi hiyo isingefika mbali; wangekuuliza kimeshuka kutoka wapi, kwa sababu gani, na je, umemwona akila.

Aliyebaki ni beki wa kati, kijana mrefu sana, ambaye mechi ya kwanza alisababisha bao kwa kugeuka taratibu. Kijana mmoja anayesoma chuo Unguja alisema huyo wamempoteza, mahali pake ni mpira wa kikapu. Akaanza habari ya Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyeujua mchezo huo akiwa kijana mkubwa tayari, kisha urefu wake wa mita 2.21 ukampeleka Chuo Kikuu cha Connecticut, ambako kwa misimu mitatu alikuwa akizuia mipira ya wapinzani kikapuni mpaka akahesabiwa miongoni mwa walinzi bora wa vyuo vya Marekani. Mwaka 2009 Memphis ilimchagua wa pili kati ya vijana wote waliokuwa wakiingia NBA. James Harden alichaguliwa baada yake. Stephen Curry alichaguliwa wa saba.

Baraza lilinyamaza kidogo. Curry wanamjua.

"Na yeye ikawaje?" Ami aliuliza.

Ikawa, alisema kijana, kwamba huko juu mambo hayakumwendea kama walivyotabiri. Alihama timu hii kwenda ile, na baada ya miaka michache akawa nje ya ligi hiyo. Na huko vyuoni, akaongeza, ndivyo ilivyo kila Novemba msimu wa kikapu unapoanza: mashabiki wanatazama mechi mbili tu, wanaamua nani ni nyota na nani arudishwe kwao, na wanaanza kuwalaani marefa kabla ya mwezi kwisha. Kijana wa miaka kumi na tisa anahukumiwa na uwanja wa maelfu ya watu ambao hawajapata kumpa salamu.

"Kumbe nao wana baraza," alisema Ami. "Ila lao kubwa mno."

Kwa habari ya marefa nilidhani nitasikia matusi, na yalikuwapo, lakini yote ya wale wa mbali. Walirudi kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, Mei 2025. Mchezo wa marudiano ulichezwa Unguja, uwanja wa Amaan, Simba wakiwa nyuma kwa mabao 2-0 waliyofungwa na Berkane kule Morocco. Joshua Mutale akafunga mapema. Kipindi cha pili Yusuf Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu, kisha bao la Steven Mukwala likafutwa baada ya VAR kuonyesha ameotea, ikaisha 1-1. Nusu ya baraza ni Yanga, kwa hiyo nusu hiyo iliona VAR ni chombo cha haki kabisa. Nusu nyingine ilikuwa bado inapima bega la Mukwala kwa vidole vya mkono, juu ya meza ya kahawa. Mtani naye akatajwa: pambano la Simba na Yanga lililoahirishwa Machi likachezwa Juni 25 kwa waamuzi kutoka Misri, Yanga wakashinda 2-0. Mzee mmoja alisema hiyo ndiyo dawa, refa atoke mbali, asiwe na shangazi huku.

Ami hakukubali. "Wa Misri akimaliza anapanda ndege. Akikuonea, umeonewa, basi. Wetu anasubiri maji na sisi. Nani kati ya hao wawili atakayefikiri mara mbili kabla ya kupuliza?"

Sijapata jibu zuri la swali hilo hadi sasa. Vitabu vyote vya uamuzi vitakwambia refa akae mbali na mashabiki. Lakini nimeona mjini jinsi umbali huo unavyozaa hadithi: nani kalala hoteli gani, nani kapigiwa simu na nani. Marefa wa Kisiwa Panza hawana hoteli ya kulala. Walikuwa msikitini safu moja na sisi.

Mpira ulianza mara tu baada ya sala ya Alasiri, mapema kuliko ratiba. Zilikuwa siku za bamvua. Huku kwetu bamvua maji hujaa alasiri, kisha hukimbia kwa kasi. Chombo kikichelewa kinakaa juu ya mchanga na wageni wanalala. Uwanja ni wa mchanga mgumu na nyasi za kubahatisha, watu wamesimama mpaka kwenye mstari, watoto juu ya minazi iliyoinama. Kina mama walikaa upande wao, nyuma ya goli, na nitasema wazi kuwa maoni makali zaidi ya siku hiyo yalitoka huko.

Nambari nane alicheza kipindi cha kwanza vizuri mno. Alikuwa na pasi moja, ya nje ya mguu, iliyowazunguka mabeki wawili ikamkuta winga, mwanafunzi wa sekondari mwenye mwili mdogo, ambaye alimpiga beki tobo akafunga. Moja bila. Uwanja uliingia ndani, ukatoka. Kipindi cha pili sikuwa na saa ya kuangalia, ila mikono ya nambari nane ilipofika kiunoni Ami alinigusa goti bila kusema kitu.

Beki mrefu alicheza salama. Sikuona kosa lake hata moja, wala sikuona kama kuna aliyemsifu.

Likaja lile la kipa. Alidaka krosi ya juu, akaulalia mpira, akainuka nao, akaanza matembezi yake. Refa akanyoosha mkono juu, vidole vitano wazi, akawa anakunja kimoja kimoja. Karibu wote hawakuelewa. Bwana mmoja ubavuni mwangu alidhani ni salamu, naye akapunga. Vidole vikaisha, filimbi ikalia, na refa akaonyesha kibendera cha kona.

Kona! Kipa ana mpira mkononi!

Sheria ilikuwa mpya. Tangu Julai 2025, kipa akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona, na refa huhesabu tano za mwisho kwa mkono ulioinuliwa ili kila mtu aone. Ile ya zamani ilikuwa sekunde sita na mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, na marefa wengi walikuwa wakiifumbia macho, maana kupiga adhabu ndani ya boksi la hatari kwa kosa dogo vile ni kuwasha moto. Kona ni adhabu nyepesi, basi ndiyo inayopulizwa. Nilikuwa nimeiona kwenye televisheni katika ligi kubwa. Kuikuta inatumika pale, mechi ya tatu ya ligi ya chini, na refa aliyekuja kwa mashua, kulinifanya nimheshimu kuliko wengi ninaowaona Jumamosi.

Wenyeji hawakuwa na nafasi ya heshima. Kona ikapigwa, kichwa, wavuni. Moja moja.

"Mwanangu kashika mpira!" ilisikika kutoka nyuma ya goli. "Mpira ni wake! Hakushika mali ya mtu!" Huyo ni mama wa kipa. Vijana waliingia uwanjani, nahodha wa timu akaenda kwa refa, na refa, bila kurudi nyuma hata hatua moja, akamhesabia tena vidole vitano mbele ya uso wake, taratibu, kama anavyofundisha darasani. Nahodha akaenda kuwaambia wenzake. Waliochoka kubisha wakawatoa waliokuwa hawajachoka, na mpira ukaendelea.

Mwisho alionyesha dakika mbili za nyongeza. Palikuwa pamepotea zaidi ya hizo katika fujo za kona peke yake, hilo nililiona hata mimi. Wenyeji wakasema refa anaogopa maji kupwa. Wageni, waliokuwa wamepata nguvu na wanatafuta bao la pili, walisema hilo hilo, kwa hasira zaidi. Hapo ndipo ninapodhani lawama ilikuwa ya haki: sekunde za kipa alizihesabu kwa sheria, dakika za mwisho akazihesabu kwa bahari. Lakini pia maji yalikuwa yakienda kweli, na nahodha wa mashua alikuwa ameshaanza kupiga kelele ufukweni.

Tulitembea hadi kwenye chombo kwa maji ya magoti. Timu ya wageni, mashabiki wao, marefa, mimi, na wenyeji kadhaa waliokuwa na shughuli ng'ambo, Ami akiwa mmoja wao. Alikuwa akienda Mkoani kumjulia hali jamaa yake aliyelazwa. Hakuna aliyemtupia refa neno. Walimpa nafasi ile ile ya katikati. Kwa muda kila mtu aliutazama mkondo.

"Maalim," Ami alianza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei. "Ile kona."

Refa akaeleza: nane, tano kwa vidole, tangu Julai. Ami akauliza kama sekunde zinaanza kipa akiwa chini au akisimama. Refa akasema zinaanza pale mpira unapokuwa mikononi mwake kwa uhakika, na kwamba kwa hesabu yake yule kijana alipewa zaidi ya nane kwa sababu alikuwa ameanguka. Mtu akauliza mbona hakuwaambia kabla ya mechi. Aliwaambia manahodha wote wawili, alisema, na nahodha wa wageni, pale pale ubaoni, akaitikia kwa kichwa. Hilo lilimaliza nusu ya kesi. Dakika mbili za nyongeza hakuna aliyeziuliza, na yeye hakuzitaja.

Kisha refa naye akauliza. "Nane wenu anaumwa?"

"Katoka dago," walijibu watu watatu pamoja.

"Basi nimeelewa. Nilikuwa najiuliza kwa nini kila akipokonywa mpira anakuja kwangu kulalamika. Ananishika na maneno huku anavuta pumzi. Nikimwambia nenda, anakwenda akiwa mzima."

Ami aligeuka akamtazama vizuri. Wote tulikuwa tumemwona nambari nane akibishana na refa, na wote barazani wangesema ni ukorofi, au ni yale mambo ya posa. Aliyekuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake ni mmoja tu, na hakuna aliyefikiria kumuuliza.

Basi wakamuuliza. Kipa? Mikono mizuri, afundishwe kuachia. Beki mrefu? Hageuki taratibu, anasimama vibaya. Asogee hatua mbili nyuma. Winga yule mwanafunzi? Refa alifikiri. "Mtoeni pembeni. Anaona mbali. Mchezesheni katikati."

"Katikati yuko nane," alisema mmoja.

"Mechi ijayo mwezi umekufa," nahodha wa mashua alisema kutoka nyuma bila kuuachia usukani. "Nane hayupo."

"Haya basi, nafasi si hiyo," alisema refa.

"Sheikh wangu," Ami akamjibu, "umeanza kutupangia timu, na kona yetu hujaturudishia."